Mengineyo

Nilichaguliwa nikiwa msalani.
Niliporudi nikipangusa mikono kwenye suruali
Wendla Kangas alikuwa ameshaandika jina langu
mbele ya maneno "mweka hazina",
na wengine wanne walitazama dirisha
kama watu ambao hawajaiba kitu.

Hii ndiyo bodi ya njia za skii,
kaskazini mwa Michigan, ng'ambo ya reli iliyong'olewa:
watu sita, meza ya kukunja,
chumba cha chini cha kituo cha zimamoto,
birika la kahawa kuukuu kuliko gari lililo juu yetu.
Akidi imetimia, anasema Wendla,
akihesabu hata koti la aliyetoka kuvuta sigara.

Ajenda ya kwanza, nungunungu.
Ametafuna tena kibao cha SHUKA POLEPOLE.
Anapenda gundi iliyomo ndani ya mbao.
Amebakiza SHUKA,
na Jumapili mwalimu wa hesabu alitii.

Ya pili, Bwana Gus Tervo,
ambaye njia yetu inakatiza shamba lake hatua mia mbili
na ambaye kila Novemba hununa, hufunga geti,
mpaka apelekewe mkate wa iliki.
Nani ataupeleka?
Mweka hazina.

Ya tatu ilikuwa yangu. Nikasimama, bila sababu.
Kisanduku cha mchango pale njia inapoanzia:
dola arobaini na moja, kifungo cha koti,
na karatasi, "nitalipa wiki ijayo", bila jina.
Haba na haba, sawa,
lakini bima peke yake inadai elfu tatu
na kibaba chetu kina tundu.

Ya nne, theluji. Desemba nzima haikuja.
Hilo halikupigiwa kura.
Tulilitazama tu kwenye karatasi
kama jina la mgonjwa.

Kisha mengineyo.
Arvid Ruona, ambaye kwenye mengineyo huvaa glavu tayari kuondoka,
alivua glavu
akaweka ufunguo mezani.
Miaka kumi na tisa, saa tisa za usiku,
amepanda mtambo ule akachora njia,
mistari miwili, kilomita kumi na nne,
kabla sisi hatujageuza mto upande wa baridi.
"Macho," alisema.
Delphine, katibu, hakujua aandike nini.
Ufunguo ulikuwa umefungwa kamba ya kiatu, nyekundu.
Mmoja akakumbuka mgongo wake, mwingine wajukuu,
mwingine zamu ya alfajiri kiwandani.
Mimi sikukumbuka kitu kwa haraka ya kutosha.

Theluji ilikuja Januari tarehe tisa.
Nyuzi ishirini chini ya sifuri, mtambo ukikohoa,
taa mbili, misonobari imeinama hadi kunigusa kofia,
na mikono hii iliyozoea risiti.
Nilipogeuka kutazama nilichokichora
niliona mistari ya mtu anayewaza mambo mengine.
Kufuta siwezi. Nikaendelea.

Kulipokucha walikuja:
watoto wa shule na mwalimu wa hesabu, kifundo kimefungwa bandeji,
wanawake wawili wakibishana juu ya bei ya kuni,
wakapita wote ndani ya kosa langu,
pindo kwa pindo,
wala hapana aliyeuliza.

Arvid alikuja wa mwisho, polepole,
uso kauinua kidogo kama anayesikiliza,
maana siku hizi anaona kwa nyayo.
Akasimama karibu nami, akafungua skii.
"Baada ya daraja," alisema,
"pale palipo sawa kabisa. Ulipiga chafya?"
Mara mbili, nikamjibu.
"Mara mbili," akakubali,
akaenda kutafuta kahawa.